Keshia wa Handeni na Logi ya Korogwe

Keshia akifunga hesabu jioni na fedha za droo zikapungua, kesho yake hupewa barua ya kumtaka ajieleze. Seva haipewi barua. Katika chama kimoja cha akiba na mikopo chenye makao makuu Korogwe na tawi Handeni, miaka michache kabla ya 2020, kila mwezi ulipokaribia kwisha mfumo wa kompyuta ulidai kwamba kaunta ya Handeni imepokea fedha nyingi kuliko zilizokuwemo kwenye droo. Aliyetakiwa kutoa maelezo alikuwa mama mmoja mtu mzima, aliyekaa kwenye kaunta ile tangu enzi za leja za karatasi.

Upungufu wenyewe ulikuwa na sura moja. Mwanachama analeta shilingi 50,000, anapewa stakabadhi, anaondoka. Jioni taarifa ya mfumo inaonyesha 50,000 mbili, jina lile lile, dakika ile ile. Mwanachama halalamiki, kwani hajui, au anajua na salio limeongezeka. Anayebaki na mzigo ni keshia, maana droo yake ina 50,000 moja na mfumo unamdai mbili. Mama huyo alikuwa ameshaanza kukatwa mshahara ili kufidia.

Ofisini Korogwe maelezo yalikuwa tayari: mtandao wa Handeni unasuasua, skrini inaganda, mama anakosa subira na kubofya kitufe mara ya pili. Maelezo hayo yaliingia akilini. Handeni iko kilometa 65 kutoka Korogwe, na ofisi ya tawi ilitegemea modemu ya simu. Kila aliyewahi kutumia kompyuta ameona skrini ikiganda. Kwa kuwa yaliingia akilini, hakuna aliyeona haja ya kuyapima.

Kijana aliyeajiriwa kuitunza seva ya chama ndiye anayesimulia mkasa huu mpaka leo, na husimulia kwa uchungu, kwa sababu kila kilichohitajika ili kumwondolea mama yule lawama kilikuwa kimeandikwa ndani ya mashine kwa muda mrefu. Hakuna aliyekisoma.

Seva ilikaa katika chumba kidogo nyuma ya ofisi ya uhasibu, ikiendeshwa na Linux. Ndani yake zilifanya kazi programu mbili. Apache ilipokea maombi yote yaliyotoka kwenye vivinjari vya makarani, yawe ya Korogwe au ya Handeni. Tomcat ndiyo iliyoendesha programu yenyewe ya chama, iliyoandikwa kwa lugha ya Java: akaunti za wanachama, hisa, mikopo, makato. Kati yao ilikaa moduli ya kiunganishi iitwayo mod_jk. Kazi yake ni moja: kuchukua ombi kutoka Apache, kulifungasha kwa utaratibu uitwao AJP, kulikabidhi kwa Tomcat kupitia lango namba 8009, kisha kungoja jibu na kulirudisha. Mpangilio huo ulikuwa umeenea sana wakati ule. Hata DHIS2, mfumo uliotokana na Chuo Kikuu cha Oslo ambao Wizara ya Afya ya Tanzania inautumia kwa takwimu za huduma za afya (MTUHA), huendeshwa juu ya Tomcat. Kwa hiyo habari hii haiwahusu watu wa fedha peke yao.

Kiunganishi hicho kina logi yake, yaani faili la kumbukumbu za kazi yake. Kijana alipoifungua kwa mara ya kwanza, faili lilikuwa kubwa kiasi kwamba kihariri cha kawaida kilishindwa kulibeba. Aliwauliza waliomtangulia kazini, wakamwambia ndivyo lilivyo. Diski ikikaribia kujaa, faili linafutwa. Mfumo ukizubaa, Tomcat inazimwa na kuwashwa tena, na mambo yanakuwa sawa. Desturi zote mbili zilionekana kuwa matengenezo. Kwa kweli ziliondoa ushahidi kila mara ulipokaribia kukamilika.

Aliamua kutofuta chochote. Alilipanga faili kwa aina ya ujumbe, akaona mara moja kwamba ndani ya vurugu ile mlikuwa na mambo mawili tofauti. Jumbe nyingi mno zilisema kwamba Tomcat imefunga muunganisho kutoka upande wake, au kwamba miunganisho yote imekutwa imekatika. Hizo zilitokea siku nzima, kila mtu alipobofya baada ya kutulia kidogo. Kulikuwa pia na jumbe chache zenye namba 110, ambayo katika Linux maana yake ni kwamba muda wa kungoja umekwisha. Hizo zilijikusanya mwishoni mwa mwezi.

Alianza na zile nyingi, na chanzo chake kilikuwa namba moja iliyoandikwa katika mafaili mawili: 600. Upande wa mod_jk namba hiyo inaeleza muunganisho usiotumika ukae wazi kwa muda gani kabla ya kufungwa, na kipimo chake ni sekunde. Sekunde 600 ni dakika 10. Upande wa Tomcat kuna mpangilio unaofanya kazi hiyo hiyo, lakini kipimo chake ni milisekunde. Milisekunde 600 hazifiki hata sekunde moja. Waraka wa Tomcat unashauri pande hizo mbili zikubaliane, na aliyeziandika alitii ushauri huo kwa macho: aliweka 600 huku na 600 kule. Ilipaswa kuwa 600 upande mmoja na 600000 upande wa pili. Kwa kasoro hiyo, Tomcat ilikuwa ikifunga miunganisho karibu mara tu baada ya kuitumia, huku mod_jk ikiamini bado iko wazi kwa dakika 10.

Je, kulikuwa na hasara? Kidogo. mod_jk huukagua muunganisho kabla ya kuutumia, ikiukuta umekufa hufungua mwingine, na mtumiaji hajui lolote. Ndiyo maana waliotangulia walizoea kuupuuza ujumbe ule, na kwa ujumbe ule peke yake hawakukosea sana. Hasara kubwa ilikuwa kwamba mistari hiyo isiyokoma iliwafundisha watu kulipuuza faili zima. Kijana aliongeza sufuri tatu upande wa Tomcat, akaiwasha upya nje ya saa za kazi, na tangu hapo logi ikatulia kiasi cha kusomeka.

Zikabaki zile chache.

Maandishi ya ujumbe wenye namba 110 yana tabia inayostahili kuangaliwa kwa makini. Husema kwamba jibu la Tomcat limengojwa hadi muda ukaisha, halafu huongeza dhana: Tomcat imeanguka, au imesimamishwa, au mtandao una matatizo. Meneja wa chama alipoonyeshwa neno la mtandao, alifurahi. "Si nilisema? Mtandao wa Handeni huo." Lakini mstari wenyewe ulibeba anwani: 127.0.0.1. Hiyo ni anwani ambayo kila kompyuta hujiita yenyewe. Maana yake, mod_jk na Tomcat zilikuwa zinazungumza ndani ya mashine moja, na mtandao uliotajwa haukutoka nje ya lile boksi la Korogwe. Modemu ya Handeni haikuwa na nafasi yoyote katika safari ile. Watu wa Handeni, wanaopata maji ya Mto Pangani yanayosukumwa kutoka Korogwe kwa bomba kuu, wanaelewa hili bila kufundishwa: bomba likikauka mtaani Handeni, fundi hamalizi kazi kwa kuitazama koki.

Mtandao nao hukatika kweli, hilo halina ubishi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Hitilafu ya aina hiyo ina alama zake. Maombi hayafiki, kurasa hazifunguki, na watumiaji wote wa upande ulioathirika hupiga simu pamoja. Haichagui siku za mwisho wa mwezi, wala haiandiki amana ya mwanachama mmoja mara mbili na kuwaacha wengine salama.

Dhana mbili zilizobaki zilianguka vilevile, maana logi ya Tomcat yenyewe ilionyesha kwamba katika dakika zile zile ilikuwa hai, inafanya kazi, ila inangoja. Iliingoja kanzidata. Siku za mwisho wa mwezi mhasibu wa Korogwe aliingiza makato ya mishahara ya wanachama wote kwa mkupuo, na programu ilizifunga akaunti hadi kazi hiyo ikamilike. Ombi la amana lililotoka Handeni katika dakika hizo lilipokewa vizuri, likasimama kwenye foleni.

Hapo ndipo ilipoingia namba nyingine. Kwa kawaida mod_jk hungoja jibu bila kikomo. Katika seva hii mtu alikuwa ameweka kikomo cha milisekunde 30000, yaani nusu dakika, bila shaka kwa nia ya kuzuia kurasa zisigande. Nusu dakika ikipita bila jibu, mod_jk huandika ujumbe wake, huhesabu jaribio la kwanza kuwa limeshindikana, na kwa mipangilio yake ya awali hulituma ombi lile lile mara ya pili. Ikiwa ombi ni la kutazama ukurasa, hakuna lililoharibika. Ikiwa ni la kupokea shilingi 50,000, Tomcat sasa ina maagizo mawili ya kupokea 50,000, yote mawili yakiwa kwenye foleni. Makato yakimalizika, foleni inafunguliwa na yote mawili yanaandikwa. Katika logi tukio zima liliacha alama ndogo mwishoni mwa mstari: attempt=1.

Hiyo ilikuwa nadharia. Ili imsaidie mtu ilihitaji kuthibitishwa, na uthibitisho ulikuwa Handeni.

Kijana alipanda Coaster kwenye stendi ya Korogwe asubuhi, akafika kaunta ikiwa imeshafunguliwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umeniletea barua nyingine?"

Alimwambia hapana, amekuja kuuliza kama anakumbuka siku zile zilizoleta matatizo. Mama hakuhitaji kukumbuka. Chini ya kaunta alikuwa na kaunta buku lenye jalada gumu, alilolianzisha mwenyewe baada ya barua ya kwanza. Kila aliyeleta fedha aliandikwa humo: jina, kiasi, saa, na alama ya vema stakabadhi ilipotoka. Mwandiko ulikuwa wa watu waliofundishwa shuleni kuandika kwa wino. Penye siku mojawapo aliyodaiwa palisomeka: 4:17, elfu hamsini, vema moja.

Saa hiyo ndiyo iliyokuwa imewashinda waliojaribu kulinganisha kabla yake. Mama aliandika saa kama anavyoitaja kila mtu: saa nne na dakika kumi na saba asubuhi. Taarifa ya mfumo, iliyofuata saa za Afrika Mashariki, ilisema 10:17. Seva ilikuwa imeachwa kwenye saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa 3, kwa hiyo logi zilisema 07:17. Saa za aina tatu kwa tukio moja. Aliyetafuta 10:17 kwenye logi alikuta mambo ya saa saba mchana, na aliyetafuta 4:17 alikuta asubuhi ambayo ofisi ilikuwa bado imefungwa, kisha akahitimisha kwamba daftari la mama halina maana. Kijana aligundua kwamba hesabu ni nyepesi: toa saa 3 kwenye saa ya logi, unapata saa ya mama. Walikaa kwenye benchi la wateja, yeye akisoma kwenye kompyuta mpakato, mama akifuatisha kwa kidole kwenye kaunta buku. Siku baada ya siku, saa zililingana.

Kilichomaliza ubishi kilikuwa kulinganisha logi mbili za maombi. Apache, inayopokea kutoka nje, ilikuwa imeandika ombi moja la amana kutoka Handeni saa 07:17. Tomcat, iliyo nyuma ya kiunganishi, ilikuwa imeandika mawili. Kama mama angebofya mara mbili, Apache ingepokea mawili. Ombi la pili lilizaliwa ndani ya seva, kilometa 65 kutoka kwenye kidole chake.

Alipomweleza, mama hakushangaa. "Ndivyo nilivyokuwa nawaambia." Kisha akaomba kitu kimoja: "Niandikie basi, baba. Kwa Kiswahili, bodi isome."

Aliandika. Aliporudi Korogwe akafanya pia jambo ambalo mafundi wengi huliruka kwa haraka ya kurekebisha: alisimika nakala ya mfumo kwenye mashine ya majaribio, akaifunga akaunti makusudi, akatuma amana moja mbele ya wajumbe wa bodi. Walihesabu nusu dakika pamoja. Akaifungua akaunti, na amana mbili zikatokea kwenye skrini. Hakuna maelezo ya mdomo ambayo yangeweza kuwafikisha pale.

Tiba ilikuwa na hatua zaidi ya moja, na hazikuwa na uzito sawa. Kwenye mod_jk upo mpangilio uitwao recovery_options. Ukiwekwa 3, kiunganishi hakitatuma upya ombi ambalo Tomcat imeshalipokea. Kikomo cha nusu dakika kiliongezwa. Makato yalihamishiwa jioni, baada ya kaunta kufungwa. Hatua ya maana kuliko zote ilifanywa nje ya kiunganishi kabisa: waliotengeneza programu walitakiwa kuipa kila fomu ya amana namba yake ya stakabadhi kabla haijatumwa, na kanzidata ikaagizwa kukataa namba iliyokwisha kuandikwa. Baada ya hapo ombi likija mara mbili, iwe kwa kiunganishi, kwa mtandao au kwa kidole cha mtu, fedha huandikwa mara moja. Programu yoyote inayopokea fedha isiyo na kinga hiyo haijakamilika, hata kama skrini zake zinapendeza.

Mpangilio mpya ulileta usumbufu wake. Sasa mara mojamoja keshia aliona ukurasa wa hitilafu, ambao zamani ulifichwa na jaribio la pili. Aliagizwa kuangalia taarifa ya mwanachama kwanza kabla ya kuingiza tena. Usumbufu huo unavumilika, kwa kuwa hitilafu inayoonekana humpa karani nafasi ya kujilinda.

Anayedhani mambo haya ni madogo atazame Uingereza. Kati ya 1999 na 2015 watu zaidi ya 900 waliosimamia ofisi ndogo za posta walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu, ushahidi ukitokana na mfumo wa hesabu uitwao Horizon. Wengine walifungwa, wengine walifilisika kwa kulipa upungufu ambao haukuwepo. Desemba 2019 Mahakama Kuu ilitamka kwamba mfumo huo ulikuwa na kasoro zenye uwezo wa kuzusha upungufu huo, na Mei 2024 Bunge likapitisha sheria maalumu ya kufuta hukumu hizo. Kasoro mojawapo ilionekana mwaka 2015 katika mji wa Dalmellington, Scotland. Skrini iliganda wakati wa kupokea pauni 8,000, kitufe kikabonyezwa tena na tena, mfumo ukaandika pauni 8,000 mara nne, na ofisi ikaonekana ina upungufu wa pauni 24,000. Taarifa ya mfumo iliaminiwa kuliko mtu aliyesimama kaunta kwa miaka mingi. Tofauti ya Handeni na kule ni ukubwa tu.

Februari 2020 lango lile lile la 8009 lilisikika duniani kote kwa sababu nyingine. Udhaifu uliopewa jina la Ghostcat ulionyesha kwamba mtu wa nje anayelifikia lango hilo angeweza kusoma mafaili ya programu. Matoleo mapya ya Tomcat, kuanzia 9.0.31, yakaja na kiunganishi cha AJP kikiwa kimezimwa hadi msimamizi akiwashe kwa makusudi. Seva ya Korogwe ilipita salama, kwa kuwa lango lake lilisikiliza 127.0.0.1 peke yake, na kwa kuwa alikuwepo mtu aliyejua ni kwa nini.

Bodi ilimrudishia mama fedha zote alizokatwa na ikaziondoa barua kwenye jalada lake. Wanachama waliozidishiwa salio walielezwa, na masalio yakarekebishwa.

Wenye vyama na ofisi zenye seva, kabla ya kusaini barua ya kumtaka karani ajieleze, ombeni logi za siku ile: ya mpokeaji wa maombi, ya kiunganishi na ya programu. Rekebisheni saa ya seva isome saa za Afrika Mashariki. Vocha na stakabadhi mnazitunza hadi mkaguzi afike na amalize kazi yake. Tunzeni na logi hadi siku hiyo hiyo, na asiwepo mtu mwenye ruhusa ya kuzifuta kwa sababu ya diski kujaa.